Darubini Juu ya Miguu Mitatu: Namna Mwindaji Anavyotuliza Macho Yake

Wako wawindaji wengi wanaodhani ya kuwa kuwinda ni kazi ya miguu. Hupanda mlima asubuhi, hushuka bondeni adhuhuri, na jioni hurudi mikono mitupu, kwa sababu wanyama waliokuwa wakiwatafuta wamewaona tangu mbali wakaenda zao. Mwindaji mwenye maarifa hufanya kinyume chake. Huketi mahali pamoja penye kivuli, akayatuma macho yake yatembee badala ya miguu. Kwa kazi hiyo chombo chake kikubwa ni darubini ya macho mawili, iliyofungwa juu ya stendi ya miguu mitatu kama ile itumiwayo na mpiga picha au mpima ardhi.

Mfano mzuri wa uwindaji huu hupatikana katika milima mikavu ya jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani. Huko yuko mnyama aitwaye Coues, ambaye jina lake latokana na Elliott Coues, daktari wa jeshi na mtaalamu wa ndege na wanyama aliyeishi toka mwaka 1842 hata 1899. Mnyama huyo ni mdogo, afananaye na kulungu, ila pembe za dume huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Rangi yake ni ya kijivu, sawasawa na mawe na majani makavu ya mlimani, hata akisimama wazi kabisa jicho tupu humpita. Wawindaji wa huko huweza kukaa saa nyingi wakitazama mteremko mmoja tu, na wengi wao hawaendi mlimani bila stendi.

KWA NINI MIKONO HAITOSHI

Kila darubini huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 10 x 42. Tarakimu ya kwanza yaonyesha kuwa kitu huonekana kama kwamba kimesogezwa karibu mara 10. Tarakimu ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Basi na ieleweke kwamba darubini haikuzi mnyama peke yake. Hukuza pia mtetemeko wa mikono. Mkono wa mtu hautulii kamwe: moyo unapiga, pumzi inaingia na kutoka, na misuli inachoka. Mtetemeko mdogo usioonekana kwa macho matupu huwa mkubwa mara 10 ndani ya darubini, na kwa darubini ya 15 x 56 huwa mkubwa mara 15.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, vitu vidogo hupotea: ncha ya sikio, mstari wa mgongo, au pembe katikati ya matawi. Pili, macho huchoka upesi kwa kufuata picha inayochezacheza, kichwa huuma, na baada ya dakika chache mtu huacha kutazama. Mara nyingi mnyama yuko pale pale alipokuwa akitazama.

Dawa ya jambo hili yajulikana katika kila jiko la shamba. Mafiga mawili hayainjiki chungu, lakini matatu hukishika imara, hata kama ardhi haiko sawa. Stendi yenye miguu mitatu hufuata kanuni hiyo hiyo.

NAMNA YA KUFUNGA

1. Kutafuta tundu. Darubini nyingi zina tundu lenye nyuzi za skrubu mbele ya bawaba, yaani pale katikati zinapounganika bomba mbili. Tundu hilo hufunikwa kwa kifuniko kidogo ambacho huonekana kama pambo tu. Hufunguliwa kwa vidole, kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa. Kifuniko kitiwe mfukoni mara moja, maana kikianguka majanini hakionekani tena.

2. Kutia kipande cha kuunganisha. Hiki ni kipande cha chuma chenye umbo la herufi L. Upande mmoja una skrubu iingiayo katika tundu la darubini, na upande wa chini una tundu la kupokea skrubu ya stendi. Kipimo cha kawaida cha skrubu hizo ni robo inchi, ndicho kipimo cha kamera nyingi. Ikazwe kwa vidole tu, wala si kwa koleo, kwa kuwa nyuzi za tundu zikiharibika darubini haitafungika tena. Darubini isiyo na tundu yaweza kuwekwa juu ya kibao maalum na kufungwa kwa ukanda.

3. Kusimamisha stendi. Miguu ivutwe kuanzia vipande vinene vya juu, kwa sababu vile vyembamba vya chini hutikisika zaidi. Nguzo ya katikati isipandishwe ila kwa lazima. Mahali penye mteremko, miguu ya upande wa chini irefushwe mpaka nguzo isimame wima. Upepo ukivuma, mfuko wenye mawe utundikwe chini ya nguzo, nao uguse ardhi kidogo ili usibembee.

4. Kupima kimo. Mtu aketi kwanza, ndipo darubini iletwe kwenye macho yake. Asiinamishe shingo wala kuinyosha. Anayeanza kazi kwa kujipinda hataimaliza saa ya kwanza.

5. Kurekebisha macho. Bomba mbili zikunjwe au zipanuliwe mpaka duara mbili zionekane kuwa moja. Kisha, katika darubini zilizo nyingi, jicho la kulia hufumbwa, na gurudumu la katikati huzungushwa hata jicho la kushoto lione wazi. Baadaye jicho la kushoto hufumbwa, na pete iliyo karibu na jicho la kulia huzungushwa hata nalo lione vivyo hivyo.

6. Kujaribu. Mikono iondolewe. Picha ikitulia kabisa, kazi imefanyika vema. Ikiendelea kutikisika au ikiinama yenyewe, iko skrubu iliyolegea.

NAMNA YA KUTAZAMA

Stendi haina faida kwa mtu anayezungusha darubini huku na huko kama tochi. Darubini nyingi za 10 x 42 huonyesha upana wa mita 110 hivi kwa umbali wa mita 1,000. Basi mlima ugawanywe kama shamba lenye matuta. Mtazamaji aanze juu upande mmoja, asimamishe darubini, na atembeze macho yake ndani ya duara lile kwanza. Akimaliza, aisogeze kidogo, akiacha sehemu ya picha ya kwanza ibaki katika ya pili. Afikapo mwisho wa tuta, ashuke na kurudi.

Asitafute mnyama mzima, maana mnyama mzima haonekani ila mara chache. Atafute kipande chake: mstari uliolala mahali ambapo miti yote imesimama wima, sikio linalofukuza nzi, au weupe chini ya mkia. Asubuhi ni vizuri jua liwe nyuma ya mtazamaji. Lakini darubini isielekezwe kwenye jua hata kidogo, kwa sababu yaweza kumpofusha mtu mara moja.

FAIDA ILIYO KUBWA

Faida ya kutuliza darubini si kuona wanyama wengi tu, bali ni kujua hakika kile kinachoonekana. Dume au jike? Je, yuko mtoto nyuma yake? Je, kile kitu cha kahawia kichakani ni mnyama, au ni koti la mwindaji mwingine? Risasi ikiisha kutoka haiitwi irudi. Kwa hiyo mtu asitambue kitu kwa darubini iliyo juu ya bunduki, maana aelekezapo darubini hiyo ndipo aelekezapo na mdomo wa bunduki. Darubini iliyo juu ya stendi haimdhuru mtu.

Sheria za nchi nazo zifuatwe. Arizona mwindaji hana budi kupata kibali cha serikali ya jimbo. Tanzania uwindaji wahitaji leseni. Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mtu hana ruhusa ya kwenda porini na bunduki kwa kusudi hilo. Hata hivyo somo hili halikosi kazi Kenya. Askari wa wanyamapori alindaye tembo, mtu ahesabuye ndege ziwani, na mfugaji atafutaye ng'ombe aliyepotea ng'ambo ya bonde, wote wana shida ile ile ya mkono unaotetemeka, na wote wafaa kutumia dawa ile ile.

Asiye na stendi asikate tamaa. Na aketi, aegemeze viwiko juu ya magoti, au aiweke darubini juu ya mfuko uliojazwa nguo juu ya jiwe. Si sawa na miguu mitatu, lakini ni afadhali kuliko kusimama wima na mikono hewani. Awezaye na ajaribu mwenyewe: atazame mti ulio mbali, kwanza kwa mikono mitupu, kisha kwa kuegemea, na ahesabu matawi anayoyaona kila mara.