Meza Iliyowasahau Wajane

JUMANNE

Soma Matendo 6:1–7. Je, ni nani aliyewanyima wajane chakula?

Luka hamtaji mtu. Hasemi kwamba yupo aliyewachukia wajane wa Kiyunani, wala kwamba mitume walikubaliana kuwapita. Yaelekea waliogawa chakula waliwajua wajane wa kwao kwa majina na kwa milango, na wale wa lugha nyingine hawakuwa na wa kuwataja. Ubaguzi wa namna hii ni mgumu kuutubu. Kila mmoja akiuchunguza moyo wake haoni chuki, na bado mjane analala njaa.

Mfano uko karibu. Ukishuka kutoka Karatu hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, unafika katika nchi ya Wahadzabe, watu wapatao 1,300 tu, ambao wengi wao wameishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mashamba ya vitunguu yanayoipa Mang'ola sifa yake yamefunguliwa katika ardhi waliyoitegemea. Wakulima wengi hawakumfukuza mtu kwa rungu. Walikuta hakuna shamba wala boma, wakasema pori halina mwenyewe. Na utaratibu uliozoea kuona jembe na ng'ombe kuwa ndiyo alama za umiliki ukakubaliana nao. Mwaka 2011 ndipo Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipopata hati ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Pori lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni utaratibu, ulipokubali kwamba anayewinda naye ana kwao.

Majina nayo yanafundisha. Wahadzabe waliitwa Watindiga na majirani, na Wadatoga wanaitwa Mang'ati hadi leo, jina walilopewa na Wamasai lenye maana ya adui. Ni vigumu kuomba pamoja na mtu unayemwita adui kila siku ya mnada, hata kama maana yake umeisahau.

Huko juu Ngorongoro, Agosti 2024, tangazo la serikali lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya tarafa hiyo. Wamasai walijitokeza barabarani kwa wingi, na mwezi huo huo Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo. Waumini wanaweza kutofautiana kuhusu uhifadhi na makazi. Lakini mtu anayenung'unika kwa kuogopa kutohesabiwa ananung'unika kama wale wa Matendo 6, na mitume hawakuyaita manung'uniko yale uasi.

Soma tena fungu la 5. Majina yote saba yana asili gani?

Ni ya Kiyunani yote, na Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi. Mitume hawakuhubiri upendo wakaiacha meza kama ilivyokuwa. Upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa upawa. Pengine Waebrania wengine waliona wamezidishiwa wenzao, Luka hasemi. Anachosema, katika fungu la 7, ni kwamba neno la Mungu likaenea.

Katika kanisa ambalo wengi ni Wairaqw, kikao cha baraza huanza kwa Kiswahili kisha kikateleza kuingia Kiiraqw pale mjadala unapokuwa moto. Mdatoga au Mmasai aliyemo hunyamaza, na muhtasari huandikwa kwamba wote waliafiki. Dorkasi nao hupeleka unga kwa wale ambao jirani amewataja. Familia ya Kihadzabe haina jirani kanisani. Hukumbukwa siku ya safari ya uinjilisti, hupigwa picha, na orodha ya Sabato inayofuata haina jina lao. (Watalii wa Eyasi nao hupiga picha asubuhi na kuondoka.)

Maswali ya Kujadili:

1. Soma Yakobo 2:1–9. Katika kanisa lenu, ni nani huambiwa akae chini bila mtu kutamka neno lolote?

2. Chukueni orodha ya Dorkasi na majina ya baraza la kanisa. Ni makabila gani yaliyo katika eneo lenu na hayamo humo? Ni nani kati yao angekabidhiwa upawa kwanza, na ni nani angelazimika kuuachia?