SOMO LA WIKI: Ushuru wa barabara ukivuka mpaka, na jinsi unavyoingia kwenye bei ya gunia

Ukurasa huu kwa kawaida huanza na bei za mazao. Wiki hii tumezisogeza chini kidogo ili kujibu swali tuliloulizwa hapa Mkiwa na mfanyabiashara mmoja wa mashudu ya alizeti. Alikuwa amepata mnunuzi Kigali, wakapatana bei, akakodi lori la tela, na hesabu yake ya faida ikakaa vizuri kwenye daftari. Lori lilipofika mpakani, dereva alimpigia simu kumwambia kuna fedha ya barabara inatakiwa upande wa pili, kwa dola, kabla gari halijapita. Mzee wa watu hakuwa ameiweka popote katika hesabu. "Mwanangu," alituambia, "mimi nilidhani barabara ni kama mvua, kila mtu anapita."

Ndugu msomaji, barabara hailingani na mvua hata kidogo. Kila kilomita ina mtu anayeilipia. Kwetu Tanzania mwenye gari analipa zaidi akiwa kwenye kituo cha mafuta: ushuru wa barabara umo ndani ya bei ya lita, na ndio unaoujaza Mfuko wa Barabara. Hata ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikibandikwa kwenye kioo, ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta. Kwa hiyo dereva wa Kitanzania anayetoka Dar es Salaam hadi Rusumo hulipa njia nzima bila kusimamishwa na mtu wa kumkatia risiti, na baada ya miaka kadhaa anasahau kwamba analipa.

Gari la nje ni habari nyingine. Linaweza kujaza matangi mawili kwao, likakatiza nchi yetu yote na kutoka upande wa pili bila kununua mafuta ya kutosha hapa. Limechakaza lami na halikuchangia. Ndiyo sababu kila nchi ya ukanda huu ina tozo ya magari ya kigeni, na hulipwa mpakani wakati wa kuingia. Tanzania ina sheria yake ya tozo hiyo, ya mwaka 1995. Kiwango kilichofahamika kwa wasafirishaji kwa miaka mingi kilikuwa dola 16 za Marekani kwa kila kilomita 100 kwa gari la mizigo lenye ekseli zaidi ya tatu, na dola 6 kwa lenye ekseli tatu au pungufu.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, maana wengi huchanganya. Tozo hufuata namba ya usajili wa gari. Mzigo ni wa nani, au mwenye mzigo ni raia wa wapi, hakuhusiki. Mashudu yako ya Mkiwa yakipakiwa kwenye lori la Kitanzania, lori hilo halidaiwi tozo ya wageni hadi Rusumo. Litadaiwa likiingia Rwanda. Yakipakiwa kwenye lori lenye namba za Rwanda, mambo yanageuka: Rwanda haiwezi kulitoza gari lake kama mgeni, bali lenyewe lilikwisha kulipa lilipoingia Tanzania. Kwa vyovyote vile, tozo hiyo unailipa wewe ndani ya gharama ya usafiri, hata kama haikuandikwa.

Kwa nini ekseli zihesabiwe, na si urefu wa gari au thamani ya mzigo? Wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa ya barabara huko Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960, wakiendesha malori mfululizo juu ya lami na zege kupima uharibifu. Kanuni iliyotoka pale, ambayo bado inatumika duniani, ni kwamba uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikibebeshwa mara mbili, barabara inaumia kiasi cha mara 16. Gari dogo la familia halihesabiki mbele ya semitrela. Basi msomaji akiona mwenye lori analipa dola mia na mwenye gari dogo analipa kidogo sana, ajue sababu ni hiyo.

Sasa tupige hesabu. Toka Dar es Salaam hadi Rusumo ni takriban kilomita 1,300. Lori la Rwanda lenye ekseli sita, kwa kiwango kile cha zamani cha dola 16 kila kilomita 100, lingedaiwa dola 208 kwenda na dola 208 kurudi, jumla 416. Lingetozwa kwa kiwango kilichokubaliwa na nchi za PTA mwaka 1991, ambacho COMESA imekirithi, yaani dola 10 kwa kilomita 100, jumla ingekuwa dola 260. Tofauti ni dola 156 kwa safari moja. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na tofauti hii ya viwango ilikuwa mfupa kwenye vikao vya uchukuzi kwa miaka mingi.

Mfupa huo uliwahi kumkwama mtu kooni. Hadi mwaka 2013 Rwanda ilikuwa ikilitoza lori la Kitanzania dola 152 kwa safari, kiwango kimoja bila kujali kilomita. Wenye malori wa Rwanda wakalalamika kwamba wao upande wa Tanzania wanalipa kiasi cha dola 500. Septemba 2013 Serikali ya Rwanda ikapandisha tozo kwa malori ya Kitanzania hadi dola 500, kusudi wawe sawa. Aliyekuwa na mkataba wa bei ya zamani na mteja wa Kigali aliamka asubuhi akiwa na hasara ya dola 348 kwa kila lori. Baadaye nchi hizo mbili zilielewana kurejea kwenye dola 152 kwa pande zote, lakini waliokuwa njiani wakati ule hakuna aliyewarudishia.

Tugawe fedha hizo kwenye mzigo, maana mnunuzi hanunui lori, ananunua gunia. Chukua lori lenye tani 28, sawa na magunia 280 ya kilo 100. Tozo ya dola 152 inakuwa kama senti 54 za dola kwa gunia. Ikipanda hadi dola 500 inakuwa dola 1.79. Mwenye bidhaa ghali, kama asali, ataguna na kuendelea. Mwenye mashudu, ambayo faida ya gunia ni nyembamba, anaweza kujikuta amefanya kazi ya bure. Tena hiyo ni kwa lori lililojaa. Ukikodi lori lilelile peke yako ukapakia tani 10 tu, tozo haipungui kwa kuwa hutazamwa gari wala si uzito wa mzigo: dola 152 kwa magunia 100 ni dola 1.52 kwa gunia, karibu mara tatu ya mwenye lori lililojaa. Wafanyabiashara wadogo watatu wa njia panda yetu wangeweza kujaza lori moja kwa pamoja, na sijui kwa nini jambo hili linatushinda wakati harusi tunachangishana vizuri.

Lakini wakichanga mzigo wachunge mizani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Kikomo cha gari na mzigo wake ni tani 56, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake: ekseli tatu za nyuma za tela, kwa mfano, tani 24. Lori laweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa kwa sababu magunia yamerundikwa nyuma. Anayetoka Mkiwa kuelekea magharibi hukutana na mizani ya Njuki hapa hapa Singida, kwa hiyo kosa la upangaji wa mzigo lijue ungali karibu na nyumbani. Tozo ya kuzidisha uzito si ushuru wa barabara, ingawa dereva akikupigia simu usiku atakwambia ni "hela ya barabara" tu. Muulize ni ipi.

Kuna kipengele kingine ambacho hapa Mkiwa kina maana ya pekee. Malori mengi yanayotupita kwenda magharibi yametoka bandarini yakiwa yamejaa, na hurudi pwani yakiwa matupu au nusu. Tozo ya safari nzima imekwisha kuhesabiwa kwenye mzigo wa kwenda. Kwa hiyo mwenye lori anayerudi kutoka Kigali au Bujumbura anaweza kukubali bei ya chini sana kuleta bidhaa huku, kwa kuwa kila atakachopata ni nyongeza. Anayepeleka bidhaa kutoka Mkiwa kwenda huko hana bahati hiyo. Lazima abebe bei kamili. Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba, kwa umbali uleule na barabara ileile, kuagiza kutoka ng'ambo ya mpaka ni rahisi kuliko kuuza huko. Anayeweza kufanya yote mawili na lori moja, yaani kupeleka mashudu na kurudi na shehena, huyo ndiye mwenye nguvu ya kumshika msafirishaji mezani.

Kwa upande wa kusini, barabara inayotoka Mkiwa kupitia Itigi, Rungwa na Chunya hadi Mbeya ina urefu wa kilomita 528. Kuzunguka kupitia Dodoma na Iringa ni zaidi ya kilomita 700. Kwa gari la Kitanzania ufupi huo ni mafuta na muda. Kwa gari la nje linalolipa kwa kilomita, ni fedha ya tozo pia. Sehemu kubwa ya njia hiyo imekuwa ya udongo na inatesa wakati wa masika, na mradi wa lami wa kipande cha Mkiwa, Itigi hadi Noranga, kilomita 56.9, ndio mlango wake. Hata hivyo mtu asidhani kuwa mzigo unaopita nchini kwa dhamana ya forodha unaweza kujichagulia njia. Njia zake zimetangazwa, na gari likikutwa nje yake lina kesi.

Atakayefika Tunduma na kuvuka Nakonde aelewe kwamba Zambia ina utaratibu wake. Ina sheria ya tozo ya mwaka 2011, na vituo vya kutoza vimejengwa ndani ya nchi kwenye barabara kuu. Kutoka Nakonde hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 1,000. Kwa kiwango cha COMESA cha dola 10 hiyo ni dola 100 kwa njia moja. Ukiingia Kongo unaanza upya, kwa kuwa barabara ya Kasumbalesa kwenda Lubumbashi ina tozo yake inayokusanywa na kampuni binafsi. Wanaopeleka vitunguu na unga Lubumbashi waulize viwango vya nchi zote mbili kabla ya kutaja bei kwa mteja.

Kwa wenye magari madogo sitasema mengi. Tozo za milangoni ziko sasa Afrika Mashariki na hazina ugumu: barabara ya Entebbe kwenda Kampala imekuwa ikilipiwa tangu Januari 2022, shilingi 5,000 za Uganda kwa gari dogo ilipoanza, na ile ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka huo huo. Hapo una hiari, ipo njia ya bure pembeni. Anayeijua tozo ya daraja la Kigamboni hatashangaa kitu. Asisahau tu bima: Kadi ya Njano, ambayo Tanzania bado inaitumia ingawa ilitoka COMESA, hununuliwa kwa kampuni ya bima kabla ya safari. Kuinunua mpakani kwa haraka ndiko kunakowapa walanguzi riziki.

Sasa malipo yenyewe. Tozo halali hulipwa benki au kwa mtandao kwa namba ya malipo iliyotolewa na mamlaka, na stakabadhi hutaja namba ya gari, tarehe, na kiasi. Huko Rusumo, tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa Aprili 2016, gari husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wamo jengo moja. Hakuna sababu ya kumpa mtu fedha taslimu kwenye maegesho. Mwandishi wa somo hili aliwahi kusindikiza mzigo wa jamaa yake, akamwachia wakala mmoja fedha ya tozo pamoja na "usumbufu kidogo", akaletewa karatasi yenye namba ya gari jingine. Tulilipa mara ya pili. Shahada ya biashara haikunisaidia kitu pale.

Kwenye mkataba wa kukodi lori, hata ukiwa wa ukurasa mmoja, iandikwe wazi kama bei ina tozo za nje ndani yake au la, na zikipanda safari ikiwa imeanza ni nani atabeba nyongeza. Wasafirishaji wengi hutaja bei "mpaka mlangoni" na kunyamaza. Yule mzee wa mashudu alikuwa na mkataba wa mdomo, na ule ukimya ulimgharimu dola 152. Mwenye kuandika vitabu vya hesabu adai stakabadhi halisi kutoka kwa dereva siku anaporudi, kwa kuwa tozo ni gharama ya biashara na huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi, ila kwa ushahidi wa karatasi.

Bei za alizeti, mashudu na vitunguu za wiki hii ziko safu inayofuata.