Ndege Anarukaje? Kijitabu kwa Wakazi wa Jinja na Mbale

Asubuhi mapema mjini Jinja, kongoti bado amesimama mtini. Ni yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye wengi humwita kalooli. Watu humdhania mvivu, kumbe anasubiri jua. Uzito wake waweza kufika kilo 9, na kupiga mabawa kutwa nzima kungemmaliza nguvu. Jua likishachoma ardhi na mabati, hewa yenye joto hupanda. Kongoti hutandaza mabawa, akaingia katika hewa hiyo na kuzunguka taratibu mpaka aonekane kitone tu angani.

Kinachomzuia asianguke

Bawa limepinda kidogo, na ukingo wake wa mbele ni mnene kuliko wa nyuma. Linapokata hewa huisukuma chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Anapopiga mabawa, manyoya marefu ya nchani humpeleka mbele. Nguvu hutoka kwenye misuli ya kidari, iliyoshikamana na mfupa uliochomoza kama mkuku wa mashua. Mifupa yake mingi ina uwazi ndani. Tena ana vifuko vya hewa vinavyopitisha hewa safi mapafuni anapovuta pumzi na hata anapoitoa. Sisi binadamu hatuna neema hiyo.

Kila ndege na hewa yake

Nenda ukingoni mwa Nile, pale mto unapotoka ziwani, umtazame mdiria mweusi na mweupe. Husimama hewani juu ya maji, mabawa yakienda mbio, kichwa kimetulia tuli, kisha hujitupa kumfuata samaki. Kuruka hivyo kunakula nguvu nyingi, lakini kunamwezesha kuvua mbali na ufuko, mahali pasipo tawi la kutua.

Mbale mambo ni mengine. Upepo ukigonga majabali ya Wanale hauna njia ila kupanda, na mwewe huutumia kupaa bila jasho. Ukiwa mjini, inua macho uangalie.

Kwa nini waruke?

Hutafuta chakula, humkimbia adui, huweka kiota mahali pa salama. Wengine hufuata majira: mbayuwayu wa Ulaya huja kwetu wadudu wanapoadimika kwao kwa baridi, na hurudi huko kuzaliana.

Korongo taji yuko hatarini

Ndege huyu wa taifa, aliye kwenye bendera ya Uganda, tangu 2012 amehesabiwa duniani miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Ana mwili mkubwa na miguu mirefu, hivyo hawezi kukwepa ghafla, na nyaya za umeme humuua. Lakini madhara makubwa zaidi tunayafanya sisi, tunapokausha vinamasi anamotaga na kuchukua makinda yake.

Ndugu mkazi, acha kinamasi kibaki na maji yake. Wakataze watoto kuwapiga ndege kwa manati. Ukimkuta korongo amejeruhiwa, usimfuge nyumbani. Toa taarifa kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA.