SOMO LA KITALU: BONSAI KWA VIPANDIKIZI

Sanaa ya kukuza mti ndani ya chungu kidogo ilianza Uchina ikasitawishwa Japani, ndiko lilikotoka jina la bonsai. Chama kitakacho kuotesha miti hii kwa kuuza chafaa kuanza na Portulacaria afra, mti wa Afrika Kusini wenye majani manene yanayohifadhi maji. Huko kwao tembo huula, na matawi yaliyovunjika huota mizizi yakiangukia ardhini.

Hasara kubwa hutokana na haraka. Mwanachama hukata tawi asubuhi, jioni akalipanda na kulimwagilia maji. Halikawii kuoza chini. Tawi la sentimeta 10 hivi sharti lilazwe kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke kabisa. Ndipo lipandwe katika mchanga mnene wenye changarawe, ndani ya chungu chenye matundu, na maji yangoje kama juma moja. Wala lising'olewe kila siku kutazamwa mizizi. Wako wasioweza kujizuia!

Waridi la jangwa ni jambo jingine. Kipandikizi chake huota, lakini shina mara nyingi halivimbi kama la mche wa mbegu, na uvimbe huo ndio autakao mnunuzi.

Katibu aandike daftarini tarehe ya kukata, ya kupanda, na idadi iliyooza. Akiahidi miche 200 kwa kuwa amepokea matawi 200, ameuza mali isiyokuwapo. Mnunuzi aahidiwe ile tu iliyokwisha kutoa majani mapya.