Kupona Maana Yake Nini kwa Mtumiaji wa Huduma za Afya ya Akili?

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali ya magonjwa ya akili, huenda usingizi umerejea na sauti alizokuwa akizisikia zimetulia. Jamaa zake husema amepona. Yeye mwenyewe huenda asikubali: hana kazi, fedha zake zashikwa na nduguye, na mikono yamtetemeka kwa sababu ya dawa.

Lugha yetu hutenganisha mambo haya. Nafuu ni kupungua kwa maradhi. Uzima ni zaidi: ni uhai, afya na ukamilifu wa mtu. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2011 yalitaja nguzo tano za kupona: uhusiano na watu, matumaini, kujitambua, maana ya maisha, na uwezo wa kujiamulia. Hivyo mtu aweza kuendelea kumeza dawa na bado akawa katika njia ya kupona, kama aishivyo vyema mwenye kisukari anayetibiwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inatambua haki ya mgonjwa kushiriki katika kupanga matibabu yake. Ili kuitumia haki hiyo, twakushauri uandike mambo matatu kabla ya siku ya kliniki:

1. Jambo unalotaka kuliweza katika miezi mitatu ijayo, kama vile kurudi sokoni au kushika fedha zako mwenyewe.
2. Madhara ya dawa yanayokuzuia kulifikia.
3. Dalili zinazokuonya kuwa ugonjwa unarejea, na mtu unayetaka aitwe zikitokea.

Msomee daktari au muuguzi, kisha uombe yaingizwe katika faili lako. Katika ziara inayofuata, uliza ni lipi limetimia na lipi linahitaji kubadilishwa. Dawa ikikulemea, usiiache ghafla, kwani ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu. Eleza tatizo, nawe uulize kama kipimo chaweza kupunguzwa au dawa nyingine kutumika.

Kwa jamaa, twaomba jambo moja. Msimjibie mgonjwa anapoulizwa hali yake. Mwacheni aseme kwanza, hata akikawia. Kujisemea ni sehemu ya kupona kwake.