Mtoto Mdogo Kwenye Milima ya Theluji

Wakati wa baridi, familia nyingi za Ulaya huwapeleka watoto milimani kuteleza juu ya theluji. Kijiji cha Zermatt, Uswisi, kiko kwenye mita 1,600 hivi. Magari yaning'iniayo kwenye waya hupandisha watu hadi mita 3,820 hivi kwa muda mfupi tu. Mtu mzima akiumwa kichwa huko juu, atasema. Mtoto wa miaka miwili hawezi: hulialia, hukataa chakula, hutapika, halali. Wazazi hudhani ni uchovu wa safari, au meno! Sisi twawasihi: mkiona dalili hizo msingoje kesho, mteremsheni mara moja. Kushuka ndiyo dawa ya kwanza. Tena mtoto anayebebwa hapati joto kama baba anayetembea. Mpapaseni miguu mara kwa mara.