Somo la Mawasiliano: Nguvu ya Redio Inayopotelea Mchangani



Mei 2024 haikuwa nyepesi kwa mawasiliano. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na tarehe 12 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu. Ndipo wengi wakakumbuka simu ya upepo, ile ambayo hospitali za misheni zilitumia tangu miaka ya 1960 kuwaita madaktari wa ndege wa AMREF kutoka Nairobi. Mkitaka kuirudisha, someni hili kabla ya kupitisha bajeti.

Nami nilikosea hapa. Miaka ya nyuma niliomba mtambo mkubwa zaidi kwa sababu tulikuwa hatusikiki, na mfadhili akatupatia. Tulisikika vizuri kidogo tu, lakini betri za sola zilikwisha ndani ya msimu mmoja. Mtambo wa wati 100 hula karibu ampea 20 kwenye betri ya volti 12. Wa wati 400 hula zaidi ya 60. Kumbe tatizo lilikuwa chini ya miguu yetu.

Chukueni masafa ya megahezi 3.6, yaliyo katika bendi ya redio za ridhaa. Wimbi lake lina urefu wa mita 83, na mlingoti kamili wa robo wimbi ungekuwa karibu mita 21. Nani ana bomba la mita 21? Tunasimamisha la mita 10 na kuongeza koili. Antena fupi namna hii ina ukinzani wa kurusha wa omu 6 hivi. Mchanga mkavu wa Bagamoyo, wenye mawe ya matumbawe chini yake, ukichomekwa fimbo moja ya chuma tu, unaweza kuongeza omu 30. Umeme hugawanyika kwa kadiri hiyo: kati ya wati 100, 17 tu huruka angani. Nyingine zote zinapasha mchanga joto.

Tandazeni nyaya 16 za shaba, kila moja mita 10, kuzunguka shina la mlingoti kama njiti za gurudumu la baiskeli. Zifukieni kina cha vidole viwili ili watoto na mbuzi wasijikwae. Tuseme udongo sasa unakula omu 10: wati zinazoruka zinafika 37. Kisha fungeni juu ya mlingoti nyaya mbili za kulala, moja kila upande. Hiyo kofia huongeza ukinzani wa kurusha na kupunguza koili, ambayo nayo hula umeme. Ukinzani wa kurusha ukifika omu 15, wati 60 zinaruka kwa mtambo uleule mdogo. Nyaya nyingi fupi ni bora kuliko chache ndefu. Penye tope la mikoko, zielekezeni huko, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno kuliko mchanga mkavu.

Chumvi hiyohiyo ni adui wa viungo. Lehemuni kila kiungo, pakeni grisi, na mkague kila baada ya masika. Radi ikikaribia, chomoeni waya wa antena na kuuweka nje ya nyumba.

Lakini ulizeni kwanza mnataka kuongea na nani. Mlingoti hurusha mawimbi kuelekea upeo wa macho, yafike mbali. Chalinze au Morogoro wanaweza wasiwasikie kabisa! Kwa majirani hao tumieni waya wa kulala wa mita 40, uliokatwa katikati, ukaning'inizwa mita 8 hadi 10 kati ya minazi. Wenyewe hurusha juu, mawimbi yakarudi chini kama mvua, na hauhitaji nyaya za ardhini. Mchana masafa haya hufifia, hivyo panda hadi megahezi 7 na waya wa mita 20.

Kuhusu kibali: leseni hutolewa na TCRA, na alama za wito za Tanzania huanza na 5H. Leseni ya ridhaa si ya shughuli za taasisi, kwa hiyo usharika utakaotaka kupeleka taarifa za zahanati kila siku uombe masafa yake wenyewe. Anzeni na hilo, kabla ya kununua hata waya.